Unataka Subaru ya turbo kwa pesa ya korosho? Pitia hapa kabla hujapanda basi la Dar

Mleta uzi (Mtwara mjini)

Wakuu, salaam.

Kila mwaka minada ya korosho ikishapita na malipo yakaanza kusoma kwenye akaunti, simu yangu haitulii. Vijana wa Tandahimba, Newala, Masasi, hadi Nachingwea kule, swali lao ni moja: "Kaka, kuna Subaru ya turbo nimeiona Dar, niichukue?" Nimewajibu mmoja mmoja miaka minne. Leo naandika kirefu. Mwenye haja asome, mwenye uzoefu aongezee.

Mimi si fundi magari. Kazi yangu ni umeme wa majumbani. Naendesha Forester XT ya 2004, bodi ya SG5 (bodi ni namba ya toleo la gari), huu ni mwaka wa saba na injini haijafunguliwa. Lakini hiyo ni turbo yangu ya pili. Ya kwanza niliimiliki siku mbili tu.

Ilikuwa Desemba. Mzee alikuwa amelipwa korosho za mashamba yetu ya Tandahimba, akanipa fungu langu. Alfajiri nikapanda basi. Kwenye yadi moja Dar dalali akanionyesha Impreza WRX ya bluu, injini imeoshwa inang'aa, plastiki zote zimepakwa mafuta. Nilipofika nilikuta tayari inanguruma na sikujiuliza ni kwa nini. Nikaizungusha mitaa miwili, ikanibandika mgongo kwenye kiti, nikalipa.

Kesho yake nikaanza safari ya kurudi. Daraja la Mkapa nikalipita, lami imenyooka, mabasi nayaacha kama yameegeshwa. Somanga nikasimama kula samaki. Nilitoka kwenye mwendo wa 140, nikaingia pembeni, nikazima palepale. Niliporudi kuwasha, nyuma likatoka wingu la moshi wa bluu, zito, lenye harufu ya mafuta ya kikaangoni yaliyoungua. Kijana mmoja aliyekuwa anauza vitu pale akaniambia, "Kaka, hiyo inakula oili." Sikumsikiliza. Kabla ya Nangurukuru ikaanza sauti, tok tok tok, ukikanyaga nayo inakimbia. Nikavuta kijiti cha oili. Kilitoka kikavu, nchani kuna tone moja jeusi kama lami. Nikaongeza lita mbili za oili niliyoikuta njiani, nikaendelea na safari, na hapo ndipo nilipoua kabisa. Kilomita kama thelathini mbele injini ikanoki, jua linazama, pembeni ni pori.

Ilivutwa hadi Lindi. Fundi alipofungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, aliniita nisogee nione mwenyewe. Oili ilikuwa na chembe zinazometameta kama unga wa shaba, na kweli ilikuwa shaba: beringi za konrodi zimelika hadi tabaka la chini. Shafti ya turbo ilikuwa inacheza kushoto na kulia hadi mapanga yamekwangua nyumba yake. Akasema oili iliyokuwemo ilikuwa nzito kupita kiasi kwa injini ile, ya aina inayowekwa kuficha moshi na mlio kwa siku chache za kuuzia. Nikaiuza gari kama spea. Pesa ya mikorosho aliyoipanda babu yangu ikaishia pale.

Toka siku hiyo nimesoma, nimeuliza, nimekaa gereji nikitazama. Ninachotaka kusema ni hiki: gari ya turbo haiuawi na mbio. Inauawa na oili, joto na hewa chafu, na hayo yote huanzia kwa mwenye gari aliyeishiwa hela ya matunzo. Sisi wa Kusini tuko kwenye hatari zaidi kwa sababu pesa yetu kubwa inaingia kwa msimu mmoja. Unanunua gari Desemba mfuko umejaa, halafu ikifika Julai taiming belti, ule mkanda unaoendesha valvu za injini, inadai na mfukoni huna kitu.

Turbo inafanyaje kazi, kwa ufupi. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni moja. Feni hiyo imeunganishwa kwa shafti na feni ya pili inayosukuma hewa kuingia ndani ya injini. Hewa ikizidi, mafuta yanaongezwa, nguvu inapanda. Ndiyo maana injini ileile ya lita 2.0 kwenye Forester XT ya SG5 inatoa farasi 220, na kwenye WRX ya bodi ya GDA farasi 250. Shafti hiyo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na upande mmoja unapigwa na moshi wenye joto la nyuzi mia nane na zaidi. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili, basi. Oili ikipungua, shafti inasaga chuma. Ukizima ghafla baada ya kukimbia sana, oili iliyobaki mle ndani inaungua na kuganda, inakuwa ukoko kama wa chini ya sufuria ya wali. Ukoko huo unaziba vijitundu vya oili, na safari inayofuata turbo inaanza na njaa.

Uchague ipi. Kama unaagiza Japan, piga hesabu ya kodi kwanza kwenye kikokotoo cha TRA, usidanganyike na bei ya mtandaoni. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1000 isiyozidi cc 2000 na asilimia 10 ikizidi hapo. Injini ya EJ20, ndiyo hiyo ya lita 2.0, ina cc 1994, imeponea chupuchupu. Ile ya 2.5 ina cc 2457, inaingia kundi la juu. Halafu kuna kodi ya uchakavu: gari ya miaka 8 hadi 10 inaongezewa asilimia 15, ikizidi miaka 10 asilimia 30. Kwa hiyo WRX ya 2005 inayoonekana rahisi kule inaweza kukufikia kwa bei ya kukukatisha tamaa. Wengi tunaishia kununua iliyokwisha tumika hapahapa nchini, na hapo kazi ni kumjua aliyeitumia kabla yako.

Ukiagiza, dai karatasi ya mnada. Alama ya 4 au 4.5 ni nzuri. Herufi R maana yake gari iliwahi kugongwa ikatengenezwa. Si lazima uikimbie, ila ujue unanunua nini.

Siku ya kukagua. Fika asubuhi, na umwambie muuzaji mapema kwamba asiiwashe. Ukifika weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, kaa chini, subiri ipoe kwa muda wa saa tatu au nne, au uondoke. Gari ya turbo inasema ukweli ikiwa baridi. Iwashe wewe mwenyewe huku mwenzako amesimama nyuma. Moshi mweupe mwepesi wa asubuhi unaokatika ni mvuke tu. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe usiokatika, wenye harufu tamutamu, ni kulanti, maji maalumu ya kupoozea injini, inaingia kwenye silinda. Iache isage bila kukanyaga dakika tano, halafu kanyaga mara moja uachie: moshi wa bluu ukitoka hapo, sili za turbo au za valvu zimechoka.

Vuta kijiti cha oili. Fungua mfuniko wa oili utazame chini yake. Fungua mpira unaoingia kwenye intakula, kile kirejeta cha hewa kilicholala juu ya injini chini ya tundu la boneti. Utando mwembamba wa oili ndani ni kawaida, lakini ukikuta kidimbwi, turbo inavujisha. Ukiweza kuifikia feni ya turbo, ishike kwa vidole injini ikiwa baridi: kutikisika kidogo upande kwa upande kunaruhusiwa, kusogea kwa ndani na nje hapana.

Na lipia kipimo cha kompresheni, yaani msukumo wa hewa inayobanwa ndani ya silinda. Fundi anafungua plagi nne, anapima silinda moja moja. Injini ya Subaru imelala, plagi zipo ubavuni karibu na chasisi, kwa hiyo fundi mvivu atakwambia si lazima. Ni lazima.

Mlio wa "psss" ambao vijana wanaupenda usikusisimue. Subaru hizi zinapima hewa mlangoni, kisha kompyuta inamwaga mafuta kulingana na hewa iliyopimwa. Ukiachia mguu, hewa ya turbo iliyobaki inatolewa na valvu, na ile valvu ya asili inairudisha ndani. Ukifunga ya kutemea nje, hewa iliyokwisha hesabiwa inapotea, mafuta yanazidi, plagi zinakuwa nyeusi. Filita ya koni, ile ya wazi isiyo na boksi, nayo kwa vumbi letu ni kumwaga mchanga kwenye feni. Ukikuta gari ina vitu hivyo vyote na mwenyewe hana hata risiti moja ya oili, mshukuru uende zako.

Matunzo ya huku kwetu. Hapa ndipo nina mengi, kwa sababu maelezo ya mtandaoni yameandikwa na watu wasiowahi kuegesha chini ya mkorosho.

Oili nabadilisha kila kilomita 4,000, sizidishi 5,000, full sintetiki, pamoja na filita yake. Kijiti nakichungulia kila nikijaza mafuta. Lita moja tu ikipungua, kwenye kona kali oili inakimbilia upande mmoja wa sampu na bomba la kunyonyea linanyonya hewa. Injini iliyolala haisamehe hilo.

Filita ya hewa ndiyo ilinishangaza. Mwaka wa kwanza niliegesha shambani Tandahimba wiki mbili za Julai, watu wanapulizia salfa kudhibiti ubwiri unga. Nilipofungua boksi la filita nilikuta imekuwa ya njano, na ukiigonga inatoka poda. Sasa msimu wa salfa naikagua kila wiki nikiwa shamba, na gari naegesha upande upepo unakotokea. Majani nayo: tundu la boneti linayameza moja kwa moja hadi juu ya intakula. Niliwahi kutoa konzi mbili za majani makavu na maua ya mkorosho mle. Intakula iliyozibwa haipoozi, hewa ya moto inaingia kwenye silinda, na hapo injini inaanza kugonga, yaani mafuta yanalipuka nje ya wakati wake.

Mafuta. Gari hizi za Japan zilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu, ambayo kule kiwango chake cha chini ni oktani 96. Ukiweka ya chini zaidi kuna sensa inasikia injini inagonga, kompyuta inachelewesha cheche za plagi, unapoteza nguvu lakini unapona. Ukiweka ya dumu iliyochanganywa na mafuta ya taa, sensa haitoshi: pistoni inavunjika kingo zinazoshika ringi. Mwaka 2011 serikali ilipandisha sana kodi ya mafuta ya taa kwa ajili ya uchakachuaji huohuo. Mimi najaza Mtwara au Masasi kwenye kituo chenye mzunguko mkubwa, na nikienda vijijini naenda na tangi limejaa. Petroli ya chupa sinunui hata nikwame.

Taiming belti: kila kilomita 100,000, na kama huijui historia yake, ibadilishe wiki ya kwanza, pamoja na tenshena, puli zake na pampu ya maji. Belti ya EJ20 ikikatika, valvu zinakutana na pistoni.

Matairi manne yawe saizi moja na yamelika sawasawa. Gari inavuta magurudumu yote, tairi moja ikiwa kubwa kuliko nyingine gia boksi inateseka muda wote ukidhani umetulia kwenye lami.

Karibuni wadau.

Fundi wa Lindi

Mleta uzi umesema vizuri, niongeze upande wa maji. Gari nyingi za turbo zinazoletwa kwangu zimechemsha, na ukiuliza utaambiwa "maji nilikuwa najaza kila siku." Anajaza kwenye rejeta. Subaru ya turbo ina kitangi kidogo cha chuma juu ya injini, upande wa turbo. Hapo ndipo pa kujazia, kwa sababu ndipo juu kabisa ya mfumo. Ukijaza kwenye rejeta peke yake hewa inabaki kwenye turbo na kwenye hedi. Geji inakaa katikati, halafu ghafla inapanda.

Na maji ya kisima ya huku pwani yana chumvi. Nimefungua pampu za maji ambazo mapezi yake yameliwa kabisa. Wekeni kulanti, shehe zangu. Kama huna uwezo wa kulanti huna uwezo wa turbo, naliongea hili kwa nia njema.

Mwalimu wa Masasi

Samahani mleta uzi, mimi ni mwanamke na nina Forester ya turbo, bodi ya SH5. Kaka yangu ananilazimisha nifunge turbo taima ili injini iendelee kusaga dakika tatu baada ya kutoa ufunguo. Wengine wananiambia si lazima. Nashika lipi?

Mleta uzi

Dada yangu Mwalimu, wala usiombe samahani, karibu sana. Turbo ya Subaru inapoozwa kwa oili na kwa maji pia. Ukizima, maji ya moto yanapanda kwenye kile kitangi alichokitaja Fundi na ya baridi yanashuka, yenyewe, bila pampu. Kwa hiyo kama umetoka sokoni ukaenda kazini mwendo wa 50, zima tu. Pa kuwa makini ni ukitoka barabara kuu umeikimbiza, au umepanda mlima wa Newala gari imejaa watu. Hapo kilomita ya mwisho nenda taratibu bila kukandamiza, ukifika subiri kama dakika moja, zima. Hela ya taima nunulia oili.

Na asubuhi usiikimbilie. Geji ya joto ikifika katikati maji yamepata moto, oili bado iko nyuma. Mpe dakika nyingine tano za mwendo wa pole.

Fundi wa Lindi

Naunga mkono. Ila Mwalimu, kwa SH5 kuna kitu kimoja usikiache. Kwenye baadhi ya injini zenye AVCS, mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, njia ya oili inayokwenda kwenye turbo inapita kwenye boliti yenye kichujio cha wavu mdogo sana. Oili ikichelewa kubadilishwa kichujio kinaziba, turbo inakufa na mwenye gari anaapa kwamba oili ilikuwa imejaa. Ilikuwa imejaa kweli, ila haikufika. Mwambie fundi wako akifungue akisafishe au akibadilishe. Nimeshabadilisha turbo ya mteja mara mbili kabla sijakijua kile kichujio, na ya pili niliilipa mwenyewe kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Mwalimu wa Masasi

Asanteni sana. Nimeshaandika pembeni, Jumamosi nampelekea fundi.

Mdau wa Mikindani

Mkuu tupe ukweli wa pesa. Kwa mwezi inakula kiasi gani? Mimi nina boda tatu na mashua moja, nafikiria WRX.

Mleta uzi

Mkuu, nakupa ya kwangu, yako inaweza kutofautiana. Mjini napata kilomita 7 kwa lita, safari ya Masasi 9 au 10 nikitulia mguu. EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanatangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Mtwara ina safu yake, kwa hiyo unaweza kupiga hesabu yako bila kubahatisha. Oili na filita nabadilisha kama mara nne kwa mwaka. Plagi za iridiamu, kulanti, bushi za chini kwa zile barabara za kwenda shamba, yote hayo yanakuja kwa zamu.

Utaratibu ninaofuata ni huu. Siku ninayopokea fungu la korosho, kabla sijagusa kitu, naenda dukani nanunua oili ya mwaka mzima, filita nne za oili, mbili za hewa, naziweka ndani kabatini. Halafu naweka pembeni pesa sawa na bei ya turbo iliyotumika kutoka Kariakoo Gerezani pamoja na nauli ya kuileta kwa basi. Pesa hiyo haiguswi na harusi wala ada. Kama baada ya kununua gari hubakiwi na hiyo, basi gari hiyo imekuzidi mwaka huu. Nunua Forester isiyo na turbo, utafika Dar vilevile.

Kwa kuwa uko Mikindani, jambo moja la ziada: chumvi ya bahari. Osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi kila ukirudi ufukweni. Boliti za bomba la moshi na za turbo zikishika kutu, siku ya kuzifungua zinakatika, na kazi ya saa mbili inakuwa ya siku mbili.

Mdau wa Newala

Na hizi Forester mpya kidogo, za SJ? Naambiwa zina turbo na hazina belti.

Fundi wa Lindi

Kweli. XT ya SJ ina injini ya FA20, cheni badala ya belti, farasi 280, na gia boksi ya CVT, otomatiki isiyo na hatua za gia. Nzuri mno. Lakini mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo hayaoshi tena valvu za kuingizia hewa, masizi yanajijenga pale. Na CVT inataka oili yake halisi. Mtu akikuwekea oili yoyote ya otomatiki ameiua. Kama uko Newala uwe na fundi anayeijua, la sivyo kila tatizo dogo ni safari.

Mdau wa Nanyumbu

Wakuu nisaidieni haraka. Kuna WRX ya 2003 iko Masasi, mwenyewe anahama anataka kuuza. Nimeipenda, rangi nzuri, bei iko chini. Nimeshamwambia nakuja Jumamosi na hela.

Mleta uzi

Mdogo wangu, hela iache nyumbani. Nitakuja Masasi Jumamosi, nina kazi ya kufunga umeme kule. Mwambie asiiwashe hadi tufike. Nitakuja na kipimo cha kompresheni cha kuazima.

Mdau wa Nanyumbu

Nimeelewa kaka. Saa mbili asubuhi niko stendi.

Mleta uzi

Wakuu, mrejesho wa Masasi, maana mmeniuliza.

Tulifika saa mbili na robo. Boneti ilikuwa baridi, mwenyewe alikuwa muungwana, hakuficha kitu. Nje gari ni safi kweli. Tuliiwasha, moshi hakuna. Kijana akaanza kutabasamu. Oili iko katikati ya alama, rangi ya asali iliyokolea. Intakula kavu. Feni ya turbo imara. Hata mimi nilianza kuamini.

Tukafungua plagi. Ya silinda ya nne elektrodi yake ilikuwa na vidoa vidogo vya fedha, kama mtu ameirushia risasi ya kuchomelea. Hiyo ni alumini ya pistoni. Tukapima: 150, 145, 150, na ya nne 90. Tukatia kijiko cha oili ndani ya silinda ya nne tukapima tena, ikapanda hadi 130. Maana yake valvu ni nzima, kinachovuja ni ringi au kingo ya pistoni. Tulimwonyesha mwenye gari, akakaa kimya, akasema mwaka jana aliwahi kuishiwa mafuta akitokea mpakani, akaweka ya chupa lita tano, na tangu hapo kuna siku inatetemeka ikisimama.

Akashusha bei milioni mbili papo hapo. Kijana akaniangalia. Nikampigia Fundi wa Lindi mbele yao wote wawili, nikaweka spika. Fundi akasema kuitoa injini, kununua pistoni, ringi, beringi, gasketi, belti na kazi yake, milioni mbili haitoshi, na akishafungua anaweza kukuta silinda nayo imekwaruzwa.

Kijana ana pesa ya kununua gari. Hana pesa ya kununua gari na injini. Amemshukuru mwenye gari, wamepeana mikono, na tumeondoka. Mwenye gari ameomba namba ya Fundi ili aitengeneze kwanza kabla hajaiuza kwa mtu mwingine, na nimeheshimu sana hilo. Kipimo cha kompresheni nimekinunua kabisa kwa yule niliyemuazima. Kipo kwangu Mtwara, anayekwenda kukagua gari aje akichukue, akirudishe tu kikiwa kizima.